Nilivyokaanga mchanga kwa ajili ya pundamilia

Mwezi wa saba mwaka jana nilikaanga mchanga siku nne mfululizo. Sisemi kwa mafumbo. Nilichukua bati nene, nikaliweka juu ya mafiga ya tofali nje ya karakana yangu hapa Nyakato, Mwanza, nikawasha kuni, nikamwaga mchanga wa ziwani, nikawa naugeuza kwa koleo mpaka ukauke na kuteleza kama chumvi. Mama anayeuza mihogo jirani yangu alivumilia siku ya kwanza. Siku ya pili akaja na sahani. "Fundi, ukiiva utupimie na sisi."

Tangu hapo nimeulizwa habari ya huo mchanga na watu wengi, wengine wa Igoma huko ambao hata sikujua kwamba wananifahamu. Basi naandika mara moja, nisirudie kila nikikaa kijiweni.

Mimi ni fundi vyuma. Natengeneza mageti, madirisha, matela ya pawatila, na kwa miaka kumi na moja sasa natengeneza bembea. Nikisema bembea naziingiza zote, maana kwetu kitu chochote kinachombeba mtoto, kikamtetemesha roho na kumrudisha alipotoka, ni bembea. Nimefanya za shule za chekechea, za baa zenye kona ya watoto, na mbili kubwa ambazo mwenye nazo huzisimamisha viwanja vya Furahisha sikukuu zikifika. Ukimuona mtoto anazunguka pale huku analia na hataki kushuka, ujue ni mkono wangu.

Sasa alikuja bwana mmoja, jina lake nalihifadhi. Ana eneo zuri kando ya ziwa, mawe na miembe, na ndani yake ana bustani ya wanyama yenye vibali vyake. Si kubwa. Pundamilia wawili, dume na jike, mbuni mmoja mwenye hasira, kobe, tumbili, nungunungu, na mamba kwenye bwawa la saruji. Watu wanakuja Jumamosi na Jumapili, wanakula samaki, wanapiga picha, wanaondoka. Akaona hawakai vya kutosha. Mtoto akishamtazama kobe dakika tano anataka kitu kingine, na kitu kingine hakipo, kwa hiyo baba anaitisha bili mapema. Hiyo hesabu mimi nilimwelewa.

Akataka bembea ya minyororo, ile ya nguzo katikati na viti vinavyoning'inia, ikizunguka viti vinapaa kwenda nje. Na akataka ikae pale pale kwenye uzio wa pundamilia, ili mtoto akiwa juu amuone mnyama chini yake. Nikamuuliza kama wanyama hawatasumbuka. Akatoa simu. Video ya Florida. Treni ya bembea inapita kwa kasi, watu wanapiga mayowe, chini kuna nyasi na duma.

"Unaona? Wenzetu wanapitisha treni kwa duma, na duma kalala. Sisi pundamilia wawili tutashindwa?"

Sikuwa na jibu. Nitasema ukweli pia kwamba sikulitafuta sana hilo jibu. Ilikuwa kazi ya milioni kadhaa, na nina wawili sekondari.

Mtu wa Mwanza akipata jiwe amepata msingi. Wenzetu wa sehemu nyingine wanachimba shimo, wanamwaga zege, wanasubiri likomae. Sisi tunatoboa jiwe, tunazamisha boliti, kesho yake tunafunga chuma. Pale kwa yule bwana kulikuwa na jiwe bapa, pana kama nusu ya uwanja wa netiboli, limeinama kidogo kuelekea mabandani. Nilipoliona nilifurahi kama nimeokota hela. Banda la pundamilia lilikuwa limejengwa juu ya mwendelezo wa jiwe hilo hilo, na bwawa la mamba nalo, maana aliyejenga alifikiri kama mimi: jiwe linaokoa saruji.

Nikatoboa matundu manane, nikazamisha boliti za milimita 20. Nguzo ya katikati bomba la inchi 8, mikono sita ya bomba la inchi 4, kila mkono viti viwili. Mota ya farasi 7.5, na gia boksi niliyoipata kwenye vyuma chakavu vya kinu cha pamba kilichofungwa. Mizunguko tisa kwa dakika. Kutoka nguzo mpaka uzio wa pundamilia, mita 14. Nilipima kwa futi kamba mara mbili, na kipimo hicho kimenikaa kichwani mpaka leo.

Jumamosi ya majaribio sikupandisha mtu. Fundi anayeanza na watoto ni muuaji, tuseme tu. Nilifunga viroba vya mchanga vya kilo 40 kwenye kila kiti. Tukawasha jenereta. Pundamilia wakanyanyua vichwa, masikio yote manne yakageuka upande wetu kama madishi. Nikawasha mota. Bembea ikaanza kuzunguka taratibu, viroba vikapaa, mwenye eneo akapiga makofi. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye minyororo. Sikuwatazama wanyama hata kidogo.

Kisha nikafunga breki.

Breki niliitengeneza kwa kipande cha lainingi ya lori juu ya duara la chuma. Ilikamata vizuri sana, ila ilitoa mlio ambao hata mimi niliyezoea grainda meno yaliniuma. Yule dume aliondoka pale alipo kama aliyefyatuliwa. Pundamilia akikimbia haangalii anakokwenda, anaangalia anakotoka. Banda lina upana wa hatua ishirini hivi. Akapiga nguzo ya kona kwa uso. Ule mlio nao sijausahau, ni kama mtu ameangusha gunia la mahindi juu ya bati. Aliposimama mdomo wa juu ulikuwa umechanika, damu inadondoka kwenye vumbi, na jike anazunguka zunguka akitafuta mahali pa kutokea ambapo hapakuwepo.

Mtunza wanyama ni mzee wa Kisukuma kutoka Magu, mfupi, anavaa buti za mvua kiangazi na masika. Aliingia bandani ubavu ubavu, bila kuwatazama usoni, akaenda kukaa chini kwenye kona ya mbali kabisa na yule aliyeumia. Akakaa tu. Kama nusu saa nzima. Sisi tumesimama nje na spana zetu mkononi kama watoto waliovunja chungu.

Mwenye eneo akawa wa kwanza kusema. "Tufungulie muziki. Spika mbili hapa, mlio wa bembea unamezwa, watazoea."

Mzee akajibu akiwa huko huko chini. "Bosi, mwenye homa hatibiwi kwa kuongezewa blanketi."

Nilirudi nyumbani sina hamu ya kula. Nilikuwa nimeshajiambia kosa ni breki, nikibadilisha breki mambo yameisha. Kesho yake Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, nikaenda peke yangu na boda kabla wateja hawajaja. Nikamsalimia yule mzee, "Mwangaluka, baba." Akaitika, akaniambia, "Ng'wanawane, washa mashine yako. Usiifunge breki. Washa tu, iache izunguke, halafu uje huku."

Alikuwa na beseni la plastiki la bluu, la kufulia. Amelijaza maji nusu, ameliweka juu ya jiwe ndani ya kibanda cha kulalia cha pundamilia, mahali pasipo na upepo. Wanyama alikuwa amewahamishia upande wa pili.

Kwanza nikawasha jenereta tu, nikaenda kuinama kwenye beseni. Juu ya maji kulikuwa na mistari myembamba sana, kama ile inayotokea kwenye chai ukiwa ndani ya basi limesimama na injini inanguruma. Nikarudi nikawasha mota. Nikakimbia tena kwenye beseni. Duara zikawa zinatoka ukingoni zinaingia katikati, zinagongana, zinapotea, nyingine zinakuja. Na kila mkono mmoja, ule uliokuwa na kiti kizito kuliko vingine, ulipopita upande wetu, duara moja kubwa ilisukumwa. Nilihesabu. Tisa kwa dakika. Ilikuwa bembea yangu ile, imelala ndani ya beseni la kufulia.

Nikavua kiatu, nikakanyaga jiwe kwa unyayo mtupu. Nilihisi kidogo sana, kama paka anayekoroma kwenye chumba cha pili. Mimi nina unyayo wa fundi aliyekanyaga cheche miaka ishirini. Huyu mnyama analala hapa, ubavu wake wote juu ya jiwe, na kazi yake tangu kuzaliwa ni kusikia simba kabla simba hajamsikia.

Tukaenda kwenye bwawa la mamba. Hapo hapakuhitaji beseni. Maji yote ya bwawa yalikuwa na vipele. Mamba alikuwa ameshuka chini, amejibana kwenye kona ya mbali, pua tu inatokeza. Mzee akasema tangu nianze kutoboa jiwe hajala vizuri. Baadaye nilisoma sababu. Zile nukta ndogo ndogo nyeusi kwenye mataya ya mamba, ambazo nilidhani ni urembo wa ngozi, ndizo zinazomwambia maji yametikisika wapi. Gizani anajua samaki amepita upande gani kwa kiwimbi tu. Sasa mtu wa namna hiyo umemuweka ndani ya ngoma na unaipiga.

Mzee naye alinipa somo lake. Akaniuliza kama nimewahi kwenda Bulabo, zile sherehe za ngoma za Wasukuma kule Kisesa. Nani asiyekwenda. Akaniuliza kama nimewaona wachezaji wa nyoka, wanavyomtoa chatu kwenye gunia. Akasema babu yake alikuwa Myeye, mtu wa nyoka, na alimfundisha kwamba kelele za watu nyoka hazimshughulishi sana, masikio ya nje hana. Anasikia zaidi kwa taya lililolala chini. Watu elfu wapige kelele, chatu katulia. Mtu mmoja akanyage vibaya karibu yake, amegeuka. Babu huyo hakuwahi kuona kitabu cha biolojia.

Usiku nina kawaida ya kununua bando la usiku, ni rahisi. Nikaitafuta ile video ya Florida na ndugu zake wote. Treni ile inaitwa Cheetah Hunt, ipo Busch Gardens, Tampa, ilifunguliwa 2011. Bustani yenyewe ni ya 1959, ilianzia pembeni ya kiwanda cha bia, watu wakija kunywa na kutazama ndege. Wana uwanda wa nyasi wa ekari 65, una twiga na pundamilia, na wameuita Serengeti. Hapo nilicheka mpaka mke wangu akaamka. Sisi ukipanda basi la Musoma, geti la Ndabaka liko pale pembeni ya lami, Serengeti yenyewe, wala hatujawahi kuweka hata bembea moja.

Kilichonishika kama fundi ni jinsi treni ile inavyosukumwa. Treni za kawaida za namna hii, rola kosta, zinapandishwa mlimani kwa mnyororo, na ule mlio wa ka-ka-ka-ka unaowapa watu raha ya hofu ni ulimi wa chuma unaodondoka kwenye meno, ili mnyororo ukikatika behewa lisirudi nyuma. Hii ya kwenye duma haina mlima wa mnyororo. Inasukumwa kwa sumaku, mara tatu njiani, inafika karibu kilomita 97 kwa saa. Hakuna chuma kinachokwaruza chuma kuisukuma. Halafu nikakuta kwamba baadhi ya wajenzi wa mitambo hii wana desturi ya kujaza mchanga ndani ya reli, zile reli ni mabomba, ili zisilie kama kengele. Nilikaa kitandani kabisa. Mchanga! Kitu ambacho Mwanza tunakikanyaga bure.

Nilisoma pia habari za Chessington kule Uingereza, ambako bustani ya wanyama ilikuwepo tangu 1931 na bembea zikaja kuongezwa 1987. Na Florida tena, Disney wana bustani yao ya wanyama ya mwaka 1998, ambako maputo hayauzwi ndani, mirija ya vinywaji ni ya karatasi, na fataki ambazo bustani zao nyingine wanazirusha usiku, hapo hawarushi. Mambo haya hayaonekani kwenye simu ya yule bwana, kwa sababu video zote zimepigwa kutoka kwenye kiti cha bembea. Nilizitafuta mpaka bando likaisha. Sikupata hata moja iliyopigwa kutoka bandani.

Ndiyo nikaanza kukaanga.

Ukitaka kujaza mchanga ndani ya bomba halafu uchomelee kifuniko, mchanga lazima uwe mkavu kabisa. Ukiwa na unyevu, moto wa kuchomelea unageuza maji kuwa mvuke, mvuke hauna pa kwenda, bomba linakupasukia usoni. Hata ukiwa mkavu, unaacha tundu dogo la kupumulia, unachomelea, unasubiri lipoe, ndipo unaliziba kwa boliti. Vijana wangu walilalamika kwamba nawafanyisha kazi ya mama ntilie. Tulijaza nguzo na mikono yote sita. Ukigonga bomba tupu kwa nyundo linalia mpaka unahesabu nne. Ukigonga lililojaa linasema "tu" na kunyamaza, kama umegonga gogo. Nilikuwa nawaita wapita njia waje wagonge wenyewe. Mama wa mihogo aligonga, akasema, "Kumbe ulikuwa na akili."

Mikono ikawa mizito mno, ikabidi nibadilishe beringi ya juu, hasara yangu. Kati ya mota na gia boksi nikaweka kaplingi ya raba. Chini ya sahani ya msingi nikapanga vipande vya tairi za lori, tabaka tatu, na kila boliti nikaivalisha raba ili chuma kisiguse jiwe. Breki ya lainingi nikaitupa. Nikaweka kiatu cha mbao kilichovalishwa kipande cha mkanda wa mashine, kinakamata polepole, bembea inachoka yenyewe kabla ya kusimama. Jenereta tukaihamishia nyuma ya ukuta wa viroba, hatua sitini huko. Bei ya waya wa kufika huko naomba nisiitaje.

Tukarudi kwenye beseni. Duara kubwa ile ya mara tisa kwa dakika ilikuwa imepotea. Mistari ya jenereta imepotea. Ilibaki mtetemo mdogo wakati mota inaanza, basi. Nilimtazama mzee nikitegemea sifa. Akamwaga maji, akaning'iniza beseni ukutani. "Umeitibu mashine," akasema. "Sasa watoto wako utawajaza mchanga mdomoni?"

Maana yake niliiona Jumamosi iliyofuata. Pundamilia walizoea mashine kwa haraka ambayo sikuitarajia. Kufikia saa sita walikuwa wanakula nyasi huku inazunguka. Kitu kisichobadilika wanakizoea, mzee alisema hivyo na nimekuja kuamini. Ila watoto hawana ratiba. Kimya, halafu mayowe kumi na mawili kwa pamoja kutoka hewani, halafu vivuli kumi na viwili vinapita juu ya nyasi zao, kama tai, halafu kimya. Kila zamu mpya ikianza, dume alikuwa anaacha kula. Kwa siku moja zamu zilifika arobaini na kitu. Arobaini na kitu anaacha kula, anaangalia juu, anatafuta pa kukimbilia, hapapati, anarudi kula. Mwituni angeondoka mara moja tu, akaenda zake, siku yake ikaendelea.

Na nungunungu ndiye hakuna aliyemfikiria, mimi nikiwa wa kwanza. Watu walikuwa wanasema huyu hana shida, kajilaza tu shimoni mwake. Nungunungu ni mtu wa usiku. Mchana wetu ni saa nane za usiku kwake. Sisi tulikuwa tumefungua disko juu ya chumba chake cha kulala, tunamsifia kwa utulivu.

Nilipokuwa darasa la tano tulipelekwa Saanane kwa boti, kisiwa kile kinachoonekana ukiwa Capri Point. Kilikuwa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, tangu 1964. Kabla ya hapo alikuwa akiishi pale Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi, na jina lake ndilo likabaki. Leo ni hifadhi ya taifa, tangu 2013, kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake. Ninachokumbuka katika safari ile ni kwamba mwalimu alituambia tukishuka kwenye boti tusipige kelele, na sisi tukapiga kelele, na pimbi wote waliokuwa wanaota jua kwenye mawe wakaingia mashimoni kwa mara moja, kama vile mtu amefuta ubao. Yule mzee wa Magu, ndiyo kwanza nilijua siku hizi, ujana wake alikuwa akibeba majani kwa boti kupeleka kule kwa wanyama. Huenda alituona. Huenda alitutukana kimoyomoyo.

Basi nikamwendea mwenye eneo, nikamwambia bembea ihame. Sikulala usiku ule nikipanga maneno, na bado yalitoka vibaya. Alinitazama kama niliyemwambia ahamishe ziwa.

Mawazo yake yakawa mchangani, ufukweni kabisa, mbali na mabanda. Mahali pazuri, mchanga ungemeza mtetemo wote. Ila Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na tulipopima, mita 60 zilikula ufukwe wote na meza zake tatu za samaki. Kuhusu meza nilinyamaza, si kazi yangu. Kwanza ziwa lenyewe lilishatuonyesha mwaka 2020 maji yalipopanda, kwamba ufukwe si wa mtu.

Pakabaki nyuma ya miembe. Hapo jiwe linazama, kuna bonde dogo lenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaovuta gari wakati wa mvua. Hatua mia moja na kumi kutoka kwa pundamilia, na miembe katikati ni mikubwa, imeshikana. Kwa mashine ni mahali pabaya. Udongo ule unavimba masika na kupasuka kiangazi. Tulichimba mpaka futi saba, tukamwaga zege lililokula mifuko 31 ya saruji, badala ya matundu yangu manane mazuri ya jiweni. Na zege likakaa wiki tatu kabla sijafunga kitu.

"Sasa nitauza tiketi ya kuangalia miembe?" bosi aliuliza. Lilikuwa swali la haki. Nilimpa ushauri wa kufungua saa nne mpaka saa kumi tu, mapumziko ya saa nzima katikati, na Jumatatu mpaka Alhamisi pasizunguke kitu. Akakubali saa, akakataa mapumziko, tukaishia nusu saa. Maputo getini aliyafuta mwenyewe bila kuambiwa, baada ya mbuni kumeza moja na wote kukaa siku mbili wanasubiri kinyesi. Lilitoka salama, kijani.

Jaribio la mwisho mzee alikuja na beseni lake. Akaliweka pale pale kwenye kibanda cha kulalia, nikawasha bembea huku nyuma ya miembe ikiwa na watoto wa kweli sasa, kumi na wawili, wanapiga mayowe kama kawaida ya watoto. Nikatembea zile hatua mia moja na kumi. Mayowe yalikuwa yanafika, ila yamechoka, yamechanganyika na ndege na boti za mwaloni. Kwenye beseni palikuwa na majani mawili ya mwembe yameelea, na uso wangu.

Kovu la mdomoni kwa yule dume limebaki, mstari wa pinki usiofuata michirizi yake mingine. Na amechagua kusimama kona moja tu, ile ya mbali, chini ya mkuyu, makalio yake kwa wateja. Mtoto akiwa juu kabisa ya bembea, akijinyoosha, kati ya matawi ya miembe anaona mkia. Bosi ameniambia malipo ya mwisho, laki sita, atanipa siku pundamilia akigeuka. Nilimpigia simu Jumatano. Bado hajageuka.